Ufundi Nyumbani: Gramofoni Inayonguruma

Wiki iliyopita tulimaliza habari za cherehani, tukawaomba mweke chupa ndogo ya mafuta yake mahali salama, mbali na mikono ya watoto. Leo chupa ile yatufaa tena, ingawa kwa mashini nyingine.

Tumepokea barua ya mama mmoja mjane wa upande wa Kivu. Marehemu mume wake alikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka mingi, naye alimwachia gramofoni ya umeme pamoja na santuri zipatazo arobaini: Misa za Kilatini, nyimbo za Noeli, na Misa Luba ile iliyoimbwa mwaka 1958 na kwaya ya Troubadours du Roi Baudouin wa Kamina, chini ya Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Jioni ya Dominika watoto na wajukuu hukaa pamoja kuzisikiliza. Lakini sasa, asema mama, chini ya kila wimbo pana mvumo «kama lori linalopanda mlima mbali». Fundi wa sokoni alifungua mashini, akatazama, akafunga, akasema mota imekufa, apewe fedha akatafute nyingine. Bei aliyoitaja ni sawa na ada ya muhula mzima ya binti wa mama huyu aliye sekondari. Naye atuuliza: je, alipe, au auze mashini pamoja na santuri?

Jibu letu: Mama, usilipe bado, wala usiuze. Mota iliyokufa haizungushi sahani. Kama sahani yazunguka na wimbo wasikika kwa mwendo wake, mota i hai, na mngurumo una sababu nyingine ambayo mara nyingi hurekebishwa kwa kitambaa, spiriti na matone machache ya mafuta. Hatusemi kwamba fundi yule ni mwongo. Huenda amezoea radio na simu, na mashini hizi hajazipata mikononi mara nyingi. Lakini kabla ya kutoa ada ya mtoto, yafaa kusikiliza kwa utaratibu.

Tueleze kwanza kwa nini mashini hii husumbuliwa na kelele kuliko cherehani au feni. Sindano ya gramofoni ni kama sikio lililowekwa juu ya chuma. Mfereji wa santuri ya mwendo wa polepole ni mwembamba karibu sawa na unywele wa kichwa, na sindano husoma mitikisiko midogo kuliko hiyo. Sasa, ndani ya sanduku hilo hilo, sentimita chache tu kutoka pale sindano ilipo, imefungwa mota. Mota nyingi za namna hii, zikipewa umeme wetu wa mitetemo 50 kwa sekunde, huzunguka karibu mara 1500 kwa dakika. Nyingine ndogo hukaribia 3000. Sahani nayo yataka mizunguko 33 na theluthi tu. Kwa hiyo mota ya kwanza yapiga mizunguko 45 wakati sahani yapiga mmoja. Kila kasoro ya mota, hata iliyo ndogo, ikipata njia ya kufika kwenye sahani, itafika mara 45 katika kila mzunguko.

Tena, umeme wa nyumbani hugeuka-geuka mwendo wake, na sumaku ya mota huvuta na kuachia mara 100 kwa sekunde. Waimbaji wataelewa upesi: mtetemo wa 100 kwa sekunde ni karibu na noti ile ya sol inayoandikwa juu ya mstari wa chini kabisa wa ufunguo wa besi, na ule wa 50 ni oktava moja chini yake. Mwenye sauti ya besi na aimbe noti hiyo kwa midomo iliyofungwa karibu na mashini. Zikilingana, amekwisha kujua kwamba mvumo anaousikia una asili ya umeme au sumaku. Mngurumo mzito usio na noti, kama gari linalopita barabarani, kwa kawaida ni wa vyuma vinavyosuguana.

Kuna jambo moja zaidi, nalo watu wengi hawalijui. Santuri zinapotengenezwa, sauti za chini hupunguzwa kwa makusudi, maana zingeachwa na nguvu zake zote mfereji ungeyumba hata kuuingilia mfereji jirani. Wakati wa kupiga, kikuza sauti huzirudishia nguvu. Kanuni ya kazi hiyo ilikubaliwa na watengenezaji wa Marekani mwaka 1954, ikaenea ulimwenguni. Na kwa kanuni hiyo sauti zilizo karibu na mwisho wa besi hukuzwa kama mara tisa kuliko sauti za katikati. Mngurumo wa mota haukupunguzwa na mtu wakati wa kurekodi, lakini wakuzwa pamoja na ngoma na besi za kwaya. Ndiyo maana mashini ambayo ukisimama hatua mbili kando yake husikii neno, yaweza kutoa ngurumo katika spika. Na katika muziki wenye ngoma, kama Misa Luba, msikilizaji asiye mzoefu aweza kudhani ngurumo hiyo ni sehemu ya wimbo, mpaka pale kwaya inaponyamaza kidogo nayo yabaki peke yake.

Basi tufike kwenye majaribio. Hayahitaji bisibisi, na mtoto wa darasa la sita aweza kumsaidia bibi yake kuyafanya.

La kwanza ni kubadili santuri. Chukua tatu au nne za viwanda mbalimbali, usikilize mwanzo wa kila moja, pale sindano inapokwenda kabla ya wimbo kuanza. Zikinguruma zote sawasawa, kosa ni la mashini. Ikinguruma moja tu, ngurumo imo ndani ya santuri yenyewe, maana mashini ya kiwandani iliyochonga mfereji nayo ilikuwa na mota yake! Hapo hakuna dawa, wala hakuna haja ya dawa.

Kisha inua sindano, uiache hewani, mota ikizunguka na sauti ikiwa mahali mnapoizoea. Je, mvumo upo? Kama haupo kabisa, nawe ukishusha sindano waja, basi ni mtikisiko wa vyuma unaopitia sahani na santuri. Turuka mpaka jaribio lifuatalo. Kama mvumo upo hata sindano ikiwa hewani, zima mota peke yake, kikuza sauti kikibaki kimewaka. Ukiendelea, mota haina hatia: tazama nyaya zinazotoka kwenye mkono wa sindano, hasa ule waya mwembamba wa ardhi unaofungwa nyuma ya kikuza sauti, ambao mara nyingi hukatika au husahauliwa mashini ihamishwapo. Mvumo ukikoma mota inapozimwa, iwashe tena, uupeleke mkono polepole kuelekea katikati ya sahani bila kuishusha sindano. Mvumo ukizidi hapa na kupungua pale, ni sumaku ya mota inayoingia katika kichwa cha sindano. Mara nyingi hutokea mtu anapobadili kichwa, akaweka cha sumaku kisichokingwa vizuri katika mashini iliyotengenezwa kwa kichwa cha namna nyingine. Kubadili mota hapo ni kutupa fedha mtoni, maana mpya nayo ina sumaku ile ile.

Jaribio lifuatalo ndilo tulipendalo kuliko yote. Weka santuri, shusha sindano mahali pasipo na wimbo, ngurumo isikike. Sasa zima mota kwa swichi ya mashini huku ukisikiliza. Sahani ni nzito, nayo itaendelea kuzunguka yenyewe kwa muda mfupi. Ngurumo ikikatika papo hapo, yatoka kwa mota au kwa kile kinachopeleka mwendo kutoka mota hadi sahani. Ikiendelea na kushuka pamoja na mwendo wa sahani, yatoka kwenye mhimili wa sahani, yaani ule mti wa chuma wa katikati na tundu linaoukalia.

Mwisho, hesabu. Sahani ya 33 na theluthi hupiga mizunguko 5 kwa sekunde 9. Ya 45 hupiga mizunguko 3 kwa sekunde 4. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani kiwe alama. Kelele ikija mara moja kila alama ipitapo, ni sahani au santuri iliyopinda. Ikija mara nne, tano au sita katika mzunguko mmoja, «pu, pu, pu, pu, pu», shuku gurudumu la mpira, kwa sababu tutakayoieleza. Ikiwa haina mapigo, yavuma tu bila kukoma, rudi kwenye mota na mafuta yake.

Tulimpelekea mama yule maneno haya kwa simu, kwa kuwa barua ingechukua muda. Siku ya nne alijibu, akiandikiwa na binti yake, huyo huyo wa sekondari. Santuri zote zanguruma. Sindano ikiwa hewani, kimya. Mota ikizimwa, ngurumo yakatika papo hapo. Tena pana mdundo mara tano katika kila mzunguko. Binti ameongeza, bila kuulizwa, kwamba asubuhi kelele ni kubwa kuliko jioni, na kwamba ikiisha kupigwa nusu saa yapungua. Tulifurahi kwa neno hilo, maana latuonyesha mafuta yaliyoganda: yapatapo joto hulainika, nayo mota hutulia. Katika nyumba ile hapakuwa na mota ya kununuliwa. Palikuwa na mafuta makavu, na gurudumu lililochoka.

Sasa kufungua. Ondoeni kwanza plagi ukutani. Hatusemi zimeni swichi, twasema ondoeni plagi, na mwenye kufanya kazi aiweke mbele ya macho yake ili mtu mwingine asiirudishe. Mashini ndogo nyingine za miaka ya 1950, zile zenye valvu na spika ndani ya sanduku moja, zilitengenezwa kwa namna ambayo chuma chake cha ndani chaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Mashini hizo asizifungue mtu wa nyumbani; apelekewe fundi wa umeme. Katika nyingine, subirini dakika chache baada ya kuondoa plagi, wala msiguse kapasita iliyo karibu na swichi au mota. Kabla ya kulegeza kitu chochote, pigeni picha kwa simu kila upande, na misumari ya parafujo iwekwe katika vikombe tofauti. Ondoeni na kichwa cha sindano, au kifunikeni, kwa sababu sindano huvunjika upesi kuliko kitu kingine chochote, na bei yake mwaijua.

Mkiwa hapo, tazameni jambo ambalo limewaaibisha mafundi wengi. Katika mashini nyingi ubao wa juu wa chuma wakaa juu ya springi, na kiwandani huweka parafujo mbili au tatu za kuukaza wakati wa safari. Mashini zinazotujia ndani ya makontena kutoka Ulaya mara nyingi hufika zimekazwa hivyo, nazo hupigwa miaka bila mtu kuzilegeza. Springi zikiwa zimefungwa, mtikisiko wote wa mota huingia katika ubao na katika mkono wa sindano. Legezeni, ubao uelee. Kadhalika mota yenyewe hutundikwa juu ya vipande vitatu au vinne vya mpira. Vibonyezeni kwa kidole. Vikiwa vigumu kama kwato, havizuii tena kitu. Vipya vyapatikana kwa wauzaji wa vipuri vya mashini hizi, na fundi mwangalifu aweza kukata vingine kutoka mpira laini wa unene ule ule. Lakini vyote vibadilishwe pamoja, visiwe vimoja laini na vingine vigumu, maana mota itainama.

Gurudumu la mpira tumekwisha kulitaja. Katika mashini nyingi za miaka ya 1950 na 1960, kama zile za Garrard wa Uingereza, Dual wa Ujerumani na Lenco wa Uswisi, mota haigusi sahani. Kati yao huwekwa gurudumu dogo lenye mpira ukingoni, ambalo hushikwa na mhimili wa mota upande mmoja na kuisukuma sahani upande wa pili. Ni kazi ya akili, nayo hupa sahani nguvu nyingi. Lakini mashini ikiachwa miezi mingi gurudumu likiwa limebanwa, mpira hupata bonde pale ulipobanwa. Toka siku hiyo, kila gurudumu lizungukapo, bonde hugonga. Ikiwa ukingo wa ndani wa sahani una upana wa sentimita 26 na gurudumu lina sentimita 5, litazunguka zaidi kidogo ya mara tano katika mzunguko mmoja wa sahani, na hiyo ndiyo midundo mitano ya mama yetu.

Lipanguseni gurudumu kwa kitambaa safi chenye spiriti kidogo, lisiloweshwe. Panguseni na ukingo wa ndani wa sahani, na mhimili wa mota, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Bonde likiwa dogo, mpira waweza kusuguliwa kwa msasa laini kabisa, gurudumu likizungushwa sawasawa, kidogo kidogo. Likiwa kubwa, au mpira umepasuka, nunueni gurudumu jingine au mpelekeeni mtu avikaye mpira mpya. Hata hivyo gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko mota. Tundu la gurudumu lipate tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, na mpira usiguswe na mafuta hata kidogo. Mkimaliza kusikiliza, zimeni kwa swichi ya mashini, wala si kwa kung'oa plagi, kwa sababu katika mashini nyingi ni swichi hiyo inayoliondoa gurudumu lisibaki limebanwa. Nyumba nyingi zimeharibu gurudumu kwa desturi ya kuzima kila kitu ukutani.

Mashini za ukanda ni rahisi zaidi. Edgar Villchur wa Marekani alitoa yake mwaka 1961, ambapo mota na sahani viliunganishwa kwa ukanda wa mpira tu, na mpira huo hunyonya sehemu kubwa ya mtikisiko. Huko, toeni ukanda, mwache mota izunguke peke yake, msikilize. Ikiwa kimya peke yake na kelele hurudi pamoja na ukanda, ukanda umekuwa mgumu, umekaza mno au una uchafu. Ukanda uliolegea hauleti ngurumo nyingi. Huleta wimbo wa kulewa-lewa. Na zile ambazo mota yake ndiyo mhimili wa sahani, kama Technics SL-1200 ya mwaka 1972 ipendwayo na wapiga muziki wa sherehe, hazina ukanda wala gurudumu. Kasoro zake mara nyingi zimo katika vyombo vidogo vya elektroniki, na hizo tuwaachie wenye kazi yao.

Turudi kwenye mafuta, maana hapo ndipo penye uponyaji wa mashini nyingi. Mhimili wa mota wakaa ndani ya bushi mbili za shaba nyeusi zilizotengenezwa ziwe na vitundu visivyoonekana kwa macho. Kiwandani bushi hizo hunyweshwa mafuta, nazo huyatoa polepole kwa miaka. Mara nyingi huzungukwa na kipete cha sufu iliyokandamizwa, kiwe akiba. Baada ya miaka hamsini sufu imekauka na mafuta yaliyobaki yamekuwa gundi ya rangi ya asali. Mota yajitahidi ndani ya gundi, yatetemeka, yapata joto. Fundi wa mbio husikia kelele, asema imekufa.

Kama mota yafunguka bila kuvunjwa, ifungueni, msafishe mhimili na bushi kwa spiriti mpaka gundi iishe, mkaushe, kisha sufu inyweshwe mafuta mepesi ya cherehani mpaka ishibe bila kuchuruzika. Wakati wa kufunga, kazeni parafujo kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, na kila mara zungusheni mhimili kwa vidole. Lazima uzunguke kwa wepesi na kusimama polepole. Ukigoma, bushi hazikukaa mstari mmoja. Legezeni, mwanze tena. Katika hatua hii haraka huharibu kazi yote iliyotangulia, na mota iliyofungwa kombo hunguruma vibaya kuliko ilivyokuwa na gundi.

Mhimili wa sahani nao, katika mashini nyingi, hukaa juu ya gololi ndogo ya chuma ndani ya tundu. Inueni sahani wima, mwangalie gololi isitoroke chini ya kabati. Futeni mafuta meusi, tieni mapya mazito kidogo kuliko ya cherehani, matone machache. Gololi ikiwa na alama au kutu, badilisheni. Wauzaji wa vipuri vya baiskeli huwa na za kila ukubwa, mpimeni kwanza.

Na hapa tuwasihi jambo moja kwa nguvu. Msitie mawese! Wala mafuta ya karanga, wala ya nazi, wala siagi. Tumeona mashini iliyotiwa mawese na mtu mwenye moyo mwema. Ilikuwa kimya wiki tatu, kisha ikashika kama iliyopigwa lami. Mafuta ya kula huganda yapatapo hewa na joto. Yale ya kupuliza kutoka kopo, yauzwayo kwa ajili ya kulegeza parafujo zenye kutu, nayo hayafai, kwa kuwa huyeyusha mafuta mazuri yaliyomo kisha yenyewe hukauka.

Wako wasomaji watakaofanya hayo yote na mota ikaendelea kuvuma. Hao tunawauliza: umeme wenu watoka wapi? Siku hizi nyumba nyingi, na misioni nyingi za vijijini, hupata umeme kwa paneli za jua, betri na inveta. Inveta za bei ndogo hazitoi umeme unaopanda na kushuka kama wimbi laini. Hutoa umeme unaoruka kama ngazi. Taa haijali. Lakini mota ya gramofoni hujali sana: huvuma, hutetemeka, na kupata moto kuliko kawaida. Ipelekeni mashini ile ile kwa jirani aliye na umeme wa waya, kama wale wa Bukavu wanaotumia umeme wa mto Ruzizi, au mwombe kuijaribu kwenye inveta ya wimbi safi. Mvumo ukiisha, mashini ni nzima. Jenereta ndogo nayo ina ubaya mwingine, kwani mwendo wake hupanda na kushuka, na mota hufuata mwendo wa umeme kama askari afuatavyo ngoma.

Wengine hununua mashini zilizotoka Marekani. Umeme wa huko ni wa volti 120, nao una mitetemo 60 kwa sekunde, sio 50. Muuzaji atawapa transfoma ya kupunguza volti, na ni lazima iwepo, la sivyo mota itaungua siku ya kwanza. Lakini transfoma haibadili idadi ya mitetemo. Mashini itakwenda kwa sehemu tano badala ya sita: sahani ya 33 na theluthi itazunguka karibu mara 28 tu kwa dakika, mota itavuma na kupata joto, na wimbo ulioandikwa uanze kwa do utasikika umeanzia la ya chini. Kwaya nzima itaonekana imechoka! Dawa yake ni kubadili ile puli ndogo iliyo juu ya mhimili wa mota, ikawekwa ya mitetemo 50, na baadhi ya viwanda viliziuza hivyo. Ulizeni kabla ya kununua.

Ni lini basi mota imekufa kweli? Itakapotoa harufu ya kuungua, na nyaya zake za ndani zimekuwa nyeusi. Au fundi akipima kwa kipimo chake na kukuta uzi umekatika. Au bushi zimelika hata mhimili wacheza kwa kuusukuma kwa kidole kushoto na kulia, mafuta yasiweze kuushika. Hapo lipeni. Lakini mwambieni muuzaji awaonyeshe mambo manne kabla ya fedha kutoka mfukoni: volti na mitetemo iliyoandikwa juu ya kibati, upande wa kuzunguka, unene wa mhimili, na urefu wake. Mota izungukayo kinyume itaipiga Gloria toka mwisho hadi mwanzo, na mota yenye mhimili mnene kuliko ule wa kwanza itaiharakisha.

Kwa kuhakikisha mwendo, baada ya kazi yote, hamhitaji chombo. Hesabuni ile karatasi ya ukingoni kwa saa yenye mshale wa sekunde: mizunguko 100 kamili kwa dakika 3 kwa santuri ya 33 na theluthi, na 135 kwa ile ya 45. Wale walio na kile kibao cha duara chenye mistari 180 wakitumie chini ya taa ya zamani ya waya, au ya neoni, kwa umeme wa mitetemo 50; mistari ikionekana imesimama, mwendo ni sawa. Taa nyingi za LED za siku hizi haziyumbi vya kutosha, na mistari haitaonekana kusimama hata mashini ikiwa kamili.

Binti wa mama yetu ameandika tena juzi. Gurudumu limesuguliwa, mota imekunywa mafuta, ngurumo imepungua hata haisikiki isipokuwa sikio likiwa kwenye spika. Midundo miwili kati ya mitano imebaki, hafifu, naye auliza kama asugue tena. Tumemjibu angoje wiki mbili mashini ikipigwa kila siku, kwa kuwa bonde dogo mara nyingine hujirudi lenyewe mpira ukifanya kazi. Wiki ijayo tutajibu barua tatu zilizotufikia juu ya betri za paneli zinazokufa kabla ya mwaka mmoja.